Kampuni ikilipia utafiti wa kompyuta: jinsi ya kuusoma, na jinsi ya kula hela yao bila kupigwa lumbesa

Kamwene kwa watu wa Iringa na Njombe, ugonile kwa wa Tukuyu na Kyela, wengine mambo vipi. Naandika hii maana kila mwaka projekti za mwisho zikishapamba moto lazima aje kijana pale kwangu Kabwe, Mbeya, laptopu imebaki chaji asilimia nne, aniulize kaka hii pepa inasema modeli yao imezishinda zote, niiweke kwenye sura ya pili au niiache? (Pepa ni makala ya utafiti, modeli ni programu iliyojifunza kwa kulishwa data, na sura ya pili ni pale unapoeleza kazi za waliotangulia.) Na mi kila mwaka namrudishia swali lile lile, gunia kaleta nani.

Niwaeleze ambao hawajakaa huku kwetu. Ukienda Isyonje au Umalila msimu wa viazi unamkuta mnunuzi kaja na Fuso, kaja na vijana wake wa kupakia, na magunia kaja nayo yeye mwenyewe. Sheria inataka gunia lisizidi kilo 100 lakini la kwake linajazwa mpaka mdomoni alafu juu linaongezewa kichwa linashonwa kwa kamba, hiyo ndo lumbesa, na mkulima analipwa gunia moja. Sasa angalia vizuri, yule mnunuzi hajasema uongo hata neno moja, kasema gunia moja na kalipa gunia moja. Ujanja wote uko kwenye kipimo.

Utafiti wa kompyuta unaolipiwa na kampuni unapindishwa hivyo hivyo mara nyingi. Watu wanawaza profesa kapewa bahasha apike namba, hiyo ikitokea ni rahisi kuikamata, ila kinachotokea kila siku ni kampuni kuja na swali lake, data yake, kipimo chake, alafu mtafiti anapiga kazi ya kweli kabisa, usiku hapati hata usingizi, ndani ya gunia la mwenzie.

Na kabla sijaendelea, mi sina ugomvi na hela ya kampuni. Unix ilizaliwa 1969 pale Bell Labs, maabara ya kampuni ya simu ya AT&T, na mpaka leo ukifungua karibu seva yoyote unakutana na wajukuu zake. Hela ya serikali nayo ina mwenyewe, ARPANET iliyokuja kuzaa intaneti ililipiwa na wizara ya ulinzi ya Marekani. Hamna hela yatima. Kwahiyo ukikuta jina la kampuni kwenye pepa usiitupe, chukua daftari andika maswali manne: nani kalipa, data ya nani, kipimo kachagua nani, na nani alikuwa na uwezo wa kuzuia isitoke. Haya twende.

Soma pepa kutokea nyuma

Wengi mnasoma muhtasari, mnaruka kwenye jedwali lenye namba zilizokolezwa wino, mnafunga. Anza mwisho. Kabla tu ya orodha ya marejeo kuna aya fupi ya shukrani, hapo ndo wanataja nani katoa hela, nani katoa seva, nani katoa data. Mkutano wa NeurIPS, ambao ndo kama ligi kuu ya watu wa akili mnemba (AI), tangu 2020 unawataka waandishi waseme wamefadhiliwa na nani na wana maslahi gani. Alafu rudi ukurasa wa kwanza uangalie majina. Jina likiwa na vinamba viwili vidogo juu yake maana yake huyo mtu ana mabosi wawili, mmoja chuo mwingine kampuni. Chini kabisa ya ukurasa huo huo kuna maandishi madogo kama ya kwenye tangazo la mkopo, utakuta yanasema kazi hii imefanyika mwandishi akiwa kwenye mafunzo kampuni fulani, yani alikuwa fildi. Mtu aliyefanya utafiti akiwa fildi na anasubiria kuajiriwa pale pale, we unadhani angeandika kwamba bidhaa yao ni mbovu?

Ya vinamba viwili hiyo sio ya vijana tu. Geoffrey Hinton wa chuo cha Toronto, kikampuni chake kilinunuliwa na Google 2013 akawa anafanya kazi kote kuwili, akaja kuondoka Google 2023. Yann LeCun mwisho wa 2013 akaingia Facebook huku anaendelea kufundisha chuo cha New York. Hao ni wakubwa kabisa wa fani, na sisemi wameuza roho, nasema ukisoma kazi zao jua walikuwa wamekaa wapi.

Na ukubwa wa jambo lenyewe, mwaka 2023 jarida la Science lilitoa hesabu kwamba wahitimu wa PhD za akili mnemba walioenda kampuni walikuwa asilimia 21 mwaka 2004, kufika 2020 ni karibu asilimia 70. Waliobaki vyuoni nao hawako mbali na hela ile. Mohamed Abdalla na Moustafa Abdalla walipitia walimu wa kompyuta wa vyuo vinne, MIT, Stanford, Berkeley na Toronto, wakakuta kwa wale ambao vyanzo vyao vya hela vinajulikana, zaidi ya nusu wamepokea za kampuni kubwa za teknolojia. Wakafananisha na kampuni za sigara zilivyokuwa zinalipia tafiti za afya zamani. Wengine waliona wamezidisha chumvi, mi naona walistahili kusikilizwa.

Kisa kimoja nakipenda, 2015 Uber iliingia chuo cha Carnegie Mellon kule Pittsburgh ikachukua watu kama 40 kwa mkupuo kutoka kituo chao cha roboti, walikuwa wanataka magari yanayojiendesha. Miezi baadae Uber hiyo hiyo ikaleta zawadi ya dola milioni 5.5 chuoni. Yani mtu anakuja anachukua vibarua wote shambani kwako alafu jioni anakuletea kilo ya nyama.

Kipimo ni cha nani

Hapa nakaa sana maana ndo penyewe.

Miaka ya 80 mwanzoni kulikuwa na mwalimu anaitwa David DeWitt, chuo cha Wisconsin. Yeye na wenzie wakatengeneza kipimo cha kushindanisha programu za databesi, yani za kutunza na kutafuta data, ile inafanya hivi kwa sekunde ngapi, hii kwa ngapi, na 1983 wakachapisha na majina ya bidhaa yakiwa wazi. Oracle hawakutoka vizuri. Bosi wao Larry Ellison alichukia sana. Baadae kwenye leseni ya Oracle kikawekwa kifungu kwamba ukinunua programu yetu huruhusiwi kuchapisha matokeo ya kuipima bila ruhusa yetu, na kampuni zingine zikaona kumbe inawezekana, zikaiga. Mpaka leo watu wa databesi wanakiita kifungu cha DeWitt, yani mtu kapima kwa haki alafu jina lake limebaki kwenye kufuli.

Ndo maana ukisoma pepa za databesi unakutana na vitu kama "Mfumo A" na "DBMS-X", nilipokuwa mwaka wa pili nilidhani DBMS-X ni programu kweli, nikaitafuta kuipakua nikamaliza bando la wiki. Kumbe ni bidhaa ya kawaida kabisa inayouzwa, watafiti wanaogopa tu kuitaja. Kwahiyo ukiona kwenye jedwali mfumo wao una jina na wa mshindani hauna, usipite haraka, hapo kuna mwanasheria alipita kabla yako.

Upande wa pili kuna kipimo kilichoinama bila mtu kupanga. 2018 Joy Buolamwini wa MIT na Timnit Gebru walipima programu za kutambua jinsia kwa sura, za IBM, Microsoft na Face++. Mikusanyo ya picha iliyokuwa inatumika kupimia mambo ya sura, mmoja ulikuwa na watu wa ngozi nyeupe asilimia 79.6, mwingine 86.2. Ukipimwa hapo hata ukishindwa weusi wote bado unapata maksi za kujivunia. Wakafanya nini, wakatengeneza mkusanyo wao, picha za wabunge 1,270 wa Rwanda, Senegal, Afrika Kusini, Iceland, Finland na Sweden, picha ambazo ziko hadharani tu. Matokeo, kwa wanaume weupe makosa hayakuzidi asilimia 0.8, kwa wanawake weusi yalifika 34.7. Programu ni zile zile, kilichobadilika ni gunia.

Nimeichagua hiyo kwa makusudi maana wanafunzi wanalalamika hatuna seva, hatuna GPU (zile chipu za kufundishia modeli), tutashindana vipi na kampuni. Kutengeneza kipimo hakuhitaji seva ya bilioni. We ukiwa na simu na nauli ya kwenda Uyole au Makete, piga picha zako 100, rekodi sauti 50 za watu wa Rungwe wanavyoongea Kiswahili chao, alafu ipitishe ile modeli iliyoshinda dunia nzima uone inafanya nini. Ikishindwa, una sura ya nne tayari, ile ya matokeo.

Na hata ubao wa matokeo wa wazi uangalie mara mbili. Aprili 2025 Meta, wenye Facebook, walipotoa modeli yao ya lugha Llama 4 walipeleka kwenye ubao wa LMArena, unaopanga modeli kwa kura za watu, toleo la majaribio ambalo halikuwa lile walilowapa watu kupakua, likashika nafasi ya pili, watu wakashtuka baadae. Kwahiyo swali lako, kilichopimwa ndo hicho hicho nitakachopewa mimi?

Data ya kupewa

Hii fupi. Data ya kupewa na kampuni inaweza kuwa na shimo na usilione. Facebook iliwapa watafiti data kubwa ya jinsi watu wanavyosoma na kushea linki, watu wakaiandikia pepa, alafu Septemba 2021 ikabidi Facebook iombe radhi maana data ilikuwa imewaacha nje karibu nusu ya watumiaji wake wa Marekani. Aliyeligundua shimo ni mtafiti wa chuo cha Urbino kule Italia, kaweka data aliyopewa pembeni ya ripoti ambayo kampuni yenyewe ilikuwa imeitangaza, namba zikakataa kukutana. Basi na we fanya hivyo hivyo, ukipewa data tafuta namba yoyote ya nje ya kulinganishia, hata moja. Na bomba la data linaweza kufungwa pia, mwaka huo huo mwezi wa nane Facebook ilizima akaunti za watafiti wa chuo cha New York waliokuwa wanachunguza matangazo ya siasa kwa njia yao wenyewe, bila kusubiri kupewa.

Kwa Kiswahili bahati nzuri kuna Common Voice ya Mozilla, mkusanyo wa sauti zilizochangiwa na watu, zipo wazi yeyote achukue. Kuna pia Lacuna Fund, mfuko ambao umetoa hela za kutengeneza data, zikiwemo za huku Afrika, na hapo utaona mambo yalivyochanganyika, ilianzishwa 2020 na taasisi ya misaada ya Rockefeller Foundation, IDRC ambayo ni shirika la Kanada la kufadhili utafiti, na Google.org, mkono wa misaada wa Google. Hela ya kampuni imo, ila data inayotoka inawekwa wazi, na mtu wa Iyunga akitaka kupima upya anapima. Mi hiyo naila bila wasiwasi.

Kisichoulizwa

Hili ndo gumu kulifundisha maana unatafuta kitu ambacho hakipo kwenye karatasi. Jiulize kwa mada hii mtu asiye na maslahi angeuliza nini, alafu angalia kama kimeulizwa.

Larry Page na Sergey Brin wakiwa bado wanafunzi Stanford 1998, kwenye pepa yao ya kuielezea Google, mwishoni waliweka nyongeza inayosema injini ya kutafuta inayoishi kwa matangazo itaegemea kwa watangazaji na kumwacha anayetafuta, na kwamba ni muhimu kuwe na injini iliyo wazi iliyoko vyuoni. Wameandika wenyewe! Utafiti wao wa chuoni ulikuwa na hela ya umma ndani yake, ndo maana wangeweza kuandika hivyo. Alafu tunajua kilichofuata, na mwenye kampuni ya matangazo hawezi kuilipia nyongeza ile mara ya pili.

2020 mwezi wa kumi na mbili Timnit Gebru, yule yule wa wabunge, alikuwa Google kitengo cha maadili ya akili mnemba. Yeye na wenzie, akiwemo Emily Bender wa chuo cha Washington, wakaandika pepa kuhusu hatari za modeli kubwa za lugha, umeme zinazokula na maneno machafu zinayomeza mtandaoni. Google ikawataka waiondoe au watoe majina ya watu wake. Gebru anasema alifukuzwa, kampuni ikasema imepokea kujiuzulu kwake. Pepa ilitoka 2021, na Margaret Mitchell, mwenzie wa kitengo kile kile aliyefukuzwa mwezi wa pili mwaka huo, jina lake limeandikwa pale "Shmargaret Shmitchell", nendeni mkaangalie, mi nilicheka sana alafu nikaacha kucheka. Ile tumeijua kwa sababu mtu alikataa kunyamaza. Za walionyamaza utazisoma wapi?

Ilivyonikuta mimi

Sasa nisijifanye nimezaliwa najua. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa najitolea chuo kimoja huku huku nyanda za juu kusini, namsaidia supavaiza kuangalia projekti. Ikaja kampuni moja inauza viuatilifu, sitaitaja, ikatoa simu tano za kupigia picha, krediti za klaudi (salio la kutumia seva za kukodi mtandaoni) na nauli, kwamba binti mmoja wa mwaka wa mwisho atengeneze app ya kutambua bakajani, ule ugonjwa wa madoa ya majani, kwenye viazi. Mkulima anapiga picha jani, app inamwambia ni bakajani wahi au bakajani chelewa, inamwelekeza dawa. Tulifurahi mno, kwa bumu la mwanafunzi hata zile simu asingeota.

Picha za kufundishia na za kupimia walileta wao, majani yamekatwa, yamelazwa kwenye karatasi nyeupe mezani, mwanga safi, moja moja. Modeli ikafaulu vizuri sana, tukapiga picha ya pamoja na bango.

Kabla ya kuwasilisha nikasema ngoja niende Umalila nikajaribu mwenyewe. Saa mbili asubuhi, ukungu umelala, majani yamelowa umande, na huwezi kumwambia mkulima akate jani aliweke kwenye karatasi nyeupe, ataliinua kwa vidole vyenye udongo mweusi na kidole kitatokea kwenye picha. Nikapiga picha 40. Majani 11 yaliyokuwa na umande tu, mazima kabisa, app ikasema bakajani. Mama mwenye shamba alikuwa amesimama nyuma yangu na jembe anaangalia kioo, akaniuliza taratibu, mwanangu, hiyo simu yako inauza dawa?

Nikacheka, alafu njiani kwenye bodaboda nikaona mbona mama kasema kweli. App ilikuwa na majibu mawili tu, na yote mawili yanaishia dukani. Jibu la tatu, jani zima rudi nyumbani usipulize kitu, halikuwemo. Hamna aliyetuzuia kuliweka, ila picha tulizopewa zilikuwa za majani magonjwa matupu, na sisi hatukuwaza. Swali lilikuja limeshashonwa juu kwa kamba.

Binti akaiandika ile safari ya Umalila kwenye ripoti, aya moja na jedwali dogo. Kampuni wakaturudishia wakisema mkataba unawapa haki ya kuridhia kabla ya kutoka, na aya ile bado haijaridhiwa, wanahitaji muda. Tarehe ya kuwasilisha ilikuwa Jumatatu. Tukaitoa. Kapata maksi nzuri tu, saa hizi yuko Dodoma kazini, na jedwali lile bado liko kwenye laptopu yangu.

Kabla hujasaini

Neno la kwanza kulitafuta kwenye mkataba ni hilo hilo lililotufunga, kuridhia. Kampuni kuomba kusoma kabla hujachapisha ni kawaida duniani kote, wanataka siku 30, wengine mpaka 90, waangalie kama umemwaga siri yao au kuna kitu cha kuombea hataza. Hiyo mpe. Ila kusoma na kuridhia ni vitu viwili, kusoma kuna mwisho wa siku, kuridhia kunaweza kukaa mpaka mjukuu wako amalize chuo. Omba iandikwe kwamba siku zikiisha bila maoni unachapisha, na kwamba matokeo mabaya yanatoka sawa na mazuri.

Kipimo kiandike wewe, na ukiandike kabla. Kaa chini ukiwa bado hujapata matokeo yoyote, andika nitapima kwa picha za aina gani, kutoka wapi, ngapi, na nikipata kiasi gani nitasema imeshindwa, mtumie supavaiza kwa barua pepe siku hiyo hiyo ili tarehe ibaki. Haikugharimu hata jero. Kampuni ikija baadae na picha zake za mezani unasema sawa, nitaweka na zenu pembeni ya zangu.

Data za watu nazo, picha ya jani tu haina shida ila picha ikibeba na mahali ilipopigwa, namba ya simu ya mkulima na jina lake, hapo umeingia kwenye Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na uliyemwahidi mkulima pale shambani ni wewe. Mwambie wazi picha zinaenda kwa nani. Utafiti unaohitaji kibali, COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia ya Tanzania, ndo mlango, muulize mtu wa utafiti chuoni kwako kabla hujapanda gari.

Hela ipite akaunti ya chuo. Isije kwenye simu yako hata kama ni ya nauli, hata kama afisa masoko wao ni mtu wa kwenu.

Kuhusu krediti za klaudi, watu wanazichukulia kama zawadi ya bure kabisa na mi nazipenda, ila jua ni kama mbegu inayokuja na mbolea yake. Ukijenga kila kitu kwa huduma zao, siku krediti zikiisha projekti inakufa siku hiyo hiyo, au chuo kinaanza kulipa. Jenga kitu ambacho unaweza kukihamisha. Mfano mzuri ni ile Nuru, app ya kutambua magonjwa ya mihogo, ya chuo cha Penn State cha Marekani na IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo. Modeli ilifundishwa kwa TensorFlow, zana ya kufundishia modeli ambayo Google waliitoa wazi, kwa kuanzia walitumia picha za mihogo zilizopigwa hapa hapa Tanzania, na inakaa ndani ya simu bila intaneti, inaongea Kiswahili. Zana ya kampuni imo ndani lakini mkulima hahitaji ruhusa ya kampuni kila akipiga picha.

Supavaiza akiwa ndo kaleta mfadhili, hapo panataka akili, huwezi kumvaa. Usiende na lawama, nenda na ombi. Kitu kama: "Shikamoo Dokta. Nimesoma mkataba wa wafadhili, nashukuru sana kwa nafasi. Naomba ushauri wako sehemu moja, pale pa kuridhia, naona ratiba yetu ya kuwasilisha inaweza kubanwa. Je naweza kuwaomba tuweke siku 30 za kusoma? Nimeandaa sentensi, nakuomba uipitie." Mara nyingi hata yeye alikuwa hajakisoma kile kifungu. Akikataa kabisa, basi punguza ahadi zako, fanya sehemu ya kampuni kama ilivyo na sehemu ya kwako ndogo kwa simu yako na nauli yako, isiyoguswa na mkataba. Mimi ningekuwa na akili ile safari ya Umalila ningeifanya hivyo.

Kwa kampuni andika mfupi tu: "Habari. Tumepokea rasimu ya mkataba, asanteni. Tunaomba marekebisho mawili: kifungu cha kuridhia kiwe siku 30 za kusoma na kutoa maoni, na chuo kichague data ya kupimia. Tuko tayari kutunza siri zote za kibiashara mtakazotuonesha." Kampuni makini inakubali, nimeona zikikubali. Inayokasirika imekuokoa muda.

Mwisho wa kazi, ukurasa wa pili wa ripoti, kabla hujamshukuru Mungu na mama, bandika hii ujaze mapengo:

"Kazi hii imefadhiliwa na ______, iliyotoa ______ (hela, vifaa, krediti, data). Mada ilipendekezwa na ______. Data ya kufundishia ilitoka ______ na ya kupimia ilitoka ______. Kipimo kilichaguliwa na ______ tarehe ______, kabla ya matokeo. Mfadhili alisoma ripoti hii kwa siku ______ na aliomba mabadiliko haya: ______. Mwandishi ameahidiwa / hajaahidiwa ajira na mfadhili."

Hilo pengo la mabadiliko, kama hawakuomba kitu andika "hakuna", usiliache wazi.